Usikipandishe Kishona Nguo Mlimani

Ndugu msomaji, kama umewahi kulala Moshi na kuamka alfajiri ya Jumapili, bila shaka unaujua ule muda mfupi kabla kengele za makanisa hazijalia, wakati mawingu yanapojivuta pembeni na Kibo kujitokeza, cheupe, juu ya mapaa ya mabati. Watu husimama njiani wakatazama, kisha huendelea na safari zao. Nusu saa baadaye mlima umekwisha kujifunika tena, na kila mtu amerudi katika shughuli zake kana kwamba hakuona kitu.

Leo nakuomba tusimame kidogo zaidi. Nakuomba tutazame si theluji, ambayo kila mgeni huitazama, bali ule mkanda wa kijani kibichi ulio chini yake, ambao wengi wetu tunauona kila siku bila kuuangalia. Maji uliyonawia uso asubuhi ya leo, ikiwa unakaa Moshi, yana asili yake huko. Hali kadhalika maji ya mfongo upitao nyuma ya kihamba chako, ya mpunga na miwa ya tambarare, na sehemu ya yale yaingiayo bwawa la Nyumba ya Mungu kabla ya kuushika mto Pangani na kwenda kuzungusha mitambo ya umeme. Msitu huo huipokea mvua, na zaidi ya hapo huunasa ukungu. Majani, kuvumvu na matawi huchuja ukungu upitao na kuudondosha chini, tone baada ya tone, usiku na mchana.

Nilipata bahati ya kufuatana na kikundi cha wanakijiji na vijana wa chuo waliokuwa wakipanda juu ya Marangu kwa kazi ya msimu. Sikwenda kufika kileleni. Nilikwenda kuona kazi ambayo haipigwi picha: kazi ya kuyalinda majani.

Kabla hatujaondoka, mzee mmoja aliyekuwa kiongozi wa kikundi alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Nilimwamkia, "Shikamoo, Meku." Aliitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akainama, akaushika upindo wa suruali yangu na kuanza kuchomoa vijiti vyeusi vilivyonata hapo. Ndugu msomaji, unavifahamu. Ni kishona nguo, yale magugu ambayo kila mtoto wa kijijini hurudi nayo nyumbani kutoka machungani, akagombezwa na mama yake kwa kuharibu kaptura ya shule.

"Hivi umevitoa wapi?" aliniuliza.

Nilisema labda shambani kwa shemeji yangu, ambako nilikuwa nimelala.

"Basi na vibaki kwa shemeji yako," alisema, akavikusanya kiganjani na kuvitia mfukoni. Kisha aliniamuru nivue viatu, nigonge soli zake kwenye jiwe, nikwangue udongo wote kwa kijiti, na nifanye hivyo hivyo kwa begi. Nilitii, lakini moyoni nilicheka. Niliona ni mzee aliyezidi uangalifu. Wahenga wetu, hata hivyo, walikwisha kunena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende, na kabla ya siku kwisha nilikuwa nimeelewa.

Kishona nguo si mwenyeji wa nchi hii. Asili yake ni bara la Amerika, na kimeenea duniani kwa kudandia nguo za watu, manyoya ya wanyama na magunia ya biashara. Ndani ya msitu mnene hakina nguvu, kwa kuwa kivuli hukinyima mwanga. Lakini penye njia iliyopanuliwa na miguu mingi, penye kambi, na hasa penye jeraha la moto, udongo huachwa uchi, na udongo ulio uchi haukai bila mvazi. Anayewahi ndiye anayeutwaa. Magugu ya kigeni huota upesi, huzaa upesi, na mbegu zake ni nyingi. Mmea wa mlimani hukua polepole kwa sababu baridi ndiyo iliyoufundisha subira. Katika mbio za namna hiyo mwenyeji hushindwa nyumbani kwake mwenyewe.

Juu zaidi kuna mgeni mwingine, mdogo na mnyenyekevu wa sura. Ni nyasi fupi kutoka Ulaya ambayo wataalamu huiita Poa annua. Imefuata njia za wapanda mlima, ikapita msitu na kufika katika nyanda za baridi, na ushahidi wa safari yake ni kwamba huonekana kandokando ya njia na makambi, pale zinapotua soli za viatu. Hakuna aliyeipanda kwa makusudi. Imepandishwa na wewe na mimi, na mgeni aliyetoka mbali, kila mmoja na punje yake asiyoijua.

Kazi ya kuing'oa hufanywa kwa magoti. Vijana walipiga magoti kandokando ya njia kama watu wanaotafuta sindano, kwa sababu milima yetu ina nyasi za jamii hiyo hiyo zilizo halali, na mkono wenye haraka waweza kumfukuza mwenyeji ukamwacha mvamizi. Kila shina lililotambuliwa lilitolewa na mizizi yake, kabla halijapukutisha mbegu, likatiwa ndani ya gunia. Magunia hayakumwagwa wala kuchomwa mlimani. Yalibebwa migongoni hadi chini. Nilimwuliza binti mmoja wa chuo kama watamaliza. Alicheka. "Mbegu zilizomo ardhini zitaota tena mwakani," alisema, "nasi tutakuja tena mwakani."

Sasa tuulize, ndugu msomaji: ni kitu gani hicho kinacholindwa kwa magoti namna hiyo?

Ukipanda kutoka vihamba vya migomba na kahawa, unaingia msitu wa mikulo, ile miti mikubwa yenye harufu nzuri ambayo Wachaga huiita mseri. Katika korongo moja la mlima huu wataalamu walipima mti wa jamii ya mikangazi wenye urefu wa mita 81.5, na mwaka 2016 ulitangazwa kuwa ndio mrefu kuliko yote iliyopata kupimwa Afrika. Chini ya miti hiyo, penye unyevu, huchanua ua dogo jekundu lenye mkia uliopinda, ambalo jina lake la kitaalamu, Impatiens kilimanjari, limetokana na mlima wenyewe, kwa kuwa halioti mahali pengine popote duniani.

Ukipita kituo cha Mandara, kilichopewa jina la Mangi wa Moshi wa zamani, msitu huanza kujikunyata. Miti inakuwa vichaka vya erika vilivyovishwa ndevu za kuvumvu. Ukikaribia Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, unawakuta wazee wa mlima: masenesio. Senesio la Kilimanjaro husimama kama mtu aliyejitanda blanketi, na kweli amejitanda, maana majani yake yaliyokufa hayadondoki bali hulizunguka shina na kulikinga na baridi ya usiku. Hukua sentimita chache tu kwa mwaka. Jirani yake ni lobelia, ambayo jua likizama huyakunja majani yake kukifunika kichipukizi kilichomo katikati, kama mama anayemfunika mtoto. Maji yaliyomo kati ya majani huganda juu, lakini chini ya barafu hiyo nyembamba kichipukizi husalimika hadi asubuhi.

Mtu anaweza kusema kwamba vitu hivi vimekwisha kukusanywa na kuhifadhiwa na wataalamu, hivyo hata vikitoweka hapa havitapotea. Historia inatufundisha vingine. Mwaka 1892 Wajerumani walianzisha kituo cha sayansi Marangu, na mtaalamu wao wa mimea, Volkens, alikusanya mimea ya mlima huu na kuipeleka kwao. Mimea mingi iliyokusanywa Afrika Mashariki zama hizo iliwekwa katika jumba la mimea la Berlin. Mwaka 1943, katika Vita vya Pili vya Dunia, jumba hilo lilipigwa mabomu, na sehemu kubwa ya hazina yake ikateketea. Karatasi za Ulaya ziliungua. Mmea ulio hai uliendelea kuchanua Marangu. Ghala la kweli la mimea ya Kilimanjaro ni Kilimanjaro.

Na ghala hilo lina adui mkubwa kuliko magugu. Adui huyo ni moto.

Kiangazi kinapokauka, erika huwa kama kuni zilizomwagiwa mafuta. Tarehe 11 Oktoba 2020, jioni, moto ulizuka katika eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo. Taarifa za awali za wenye hifadhi zilieleza kwamba ulianza mahali ambapo wapagazi walikuwa wakipasha moto chakula cha wageni. Watu wa Moshi waliuona usiku kama mkufu mwekundu shingoni mwa mlima. Mamia ya watu walipanda kuukabili: askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, wanakijiji, wakiwa na mapanga, mafyekeo na matawi mabichi, kwa kuwa mita 3,000 na zaidi hakuna bomba wala gari la zimamoto. Ulipokwisha, kilomita za mraba 95 hivi zilikuwa zimeungua. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, moto mwingine ulizuka karibu na kambi ya Karanga.

Mtaalamu Andreas Hemp, aliyeichunguza mimea ya mlima huu kwa miaka mingi, alionyesha katika maandiko yake ya mwaka 2005 kwamba mioto imeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita, na kwamba maji tunayoyapoteza kwa kuungua kwa msitu unaonasa ukungu ni mengi kuliko yale tunayoyapoteza kwa kuyeyuka kwa barafu. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2016 ilitaja kwamba tangu mwaka 1976 mlima umepoteza hekta 13,000 hivi za msitu. Ndugu msomaji, dunia nzima hulilia theluji ya Kibo. Sisi tunaokunywa maji yake tungepaswa kuulilia kwanza msitu.

Ndiyo maana kazi ya mlimani hufuata majira kama kazi ya shambani. Kabla ya kiangazi kukaza, hufyekwa mikanda ya kuzuia moto, nyasi kavu zikaondolewa ili moto ukija ukose chakula. Kiangazi chenyewe ni cha kulinda zamu na kutazama moshi. Masika ya Machi hadi Mei ni wakati wa kuitoa miche vitaluni na kuipeleka palipoungua au palipokatwa. Mvua zinapopungua huja zamu ya kung'oa magugu, maana yaliyonyweshwa na mvua ni pamoja na yale tusiyoyataka. Mtu akikosa zamu yake, zamu inayofuata huwa ngumu maradufu.

Hapa hapana budi nikiri kosa langu mwenyewe. Nilipoondoka nyumbani, binti yangu wa miaka saba aliniomba nimletee zawadi kutoka mlimani. Jioni, wenzangu wakifunga magunia, niliona ua jeupe kavu, lile lisilonyauka hata likikatwa, nikalichuma upesi na kulitia ndani ya daftari. Nilidhani sikuonekana.

Meku alikuja akakaa karibu nami. Hakunigombeza. Aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, leo umeona wageni wangapi njiani?"

Nilisema sikuhesabu, lakini ni wengi.

"Na kila mmoja ana mtoto nyumbani," alisema, kisha akanyamaza.

Bandu bandu huisha gogo. Kutwa nzima nilikuwa nimewatazama watu wakiukinga mlima kwa magoti, na kalamu yangu ilikuwa imeandika kurasa nne za sifa zao; nami katikati ya kurasa hizo nilikuwa nimeficha ua la wizi. Nililitoa, nikaliweka chini ya mmea wake. Halikuweza kurudi shinani. Sikuwa na la kusema.

Usiku huo, kando ya chai, ilisemwa habari nyingine ambayo safu hii haitaificha, kwa sababu upendo wa mlima usiosikia njaa ya jirani ni upendo nusu. Mama mmoja wa kikundi hicho alisema, "Tunaambiwa tulinde msitu. Sawa. Lakini ng'ombe wangu yuko zizini hajui habari za hifadhi. Anataka majani."

Maneno yake yana historia. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili kati ya vihamba na msitu, ili wananchi wapate kuni, mbao na majani bila kuugusa msitu wenyewe. Hifadhi ya Taifa ilipoundwa mwaka 1973 ilianzia juu ya msitu, na ukubwa wake ulikuwa kilomita za mraba 756. Wakati huo huo msitu uliendelea kuliwa. Mwaka 1984 Rais alipiga marufuku uvunaji wa miti ya asili mkoani Kilimanjaro, lakini wataalamu walioupima mlima kwa ndege mwaka 2001 walikuta maelfu ya miti ya asili ikiwa imekatwa, mikulo ikiwa miongoni mwa iliyoandamwa zaidi. Mwaka 2005 msitu uliunganishwa na hifadhi, nusu maili ikiwamo. Mlima ulipata ulinzi, lakini mama yule akapoteza mlango aliouzoea.

Nilimwuliza kwa nini basi anapanda kila msimu kuja kufyeka na kupanda miche. Alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la kitoto. "Mfongo wetu ukikauka, nitamdai nani?" alisema. "Askari atahamishwa kesho. Mimi nitazikwa hapa."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Mama yule hasemi kwamba malalamiko yake yamekwisha. Anasema kwamba malalamiko yake na wajibu wake vyaweza kukaa katika nyumba moja. Na wale wenye mamlaka juu ya mlima wangefanya vema kumsikiliza, kwa sababu mikanda ya kuzuia moto haijifyeki, na mkono unaofyeka ndio huo unaotafuta majani.

Sasa, baba na mama wa nyumba, tufanye nini sisi tulio chini?

Kwanza, tupande kihambani kile tunachokitafuta msituni. Majani ya ng'ombe yaweza kuoteshwa kwenye kingo za mifongo, na kuni zaweza kutoka katika miti tuliyoipanda wenyewe. Mringaringa, ambao babu zetu waliuacha usimame juu ya kahawa, hutoa kivuli na mbao pia. Pili, tutumie jiko linalobana moto badala ya mafiga matatu yanayokula mzigo mzima kwa sufuria moja ya maharagwe. Tatu, wenzetu warina asali waache kuingia msituni na mienge wakati wa kiangazi. Mzinga uliowekwa nyumbani hutoa asali bila kuuchoma mlima. Nne, kama kijana wako ni mpagazi, mkumbushe kabla hajafunga mzigo kwamba jiko la kambini halizimwi kwa kulipa kisogo, bali kwa maji na kwa mkono unaogusa majivu hadi yapoe. Na tano, yeyote apandaye mlimani, awe mwanafunzi, mgeni au mwandishi wa habari, agonge viatu vyake na achomoe vishona nguo vyake kabla ya kuvuka lango. Jambo hili halihitaji fedha wala kamati.

Lakini zaidi ya yote, tuwafundishe watoto majina. Mtoto wa Moshi ajuaye kulitaja kila gari lipitalo barabarani, lakini asiyeujua mseri wala masale ya mpaka wa kihamba chao, huyo amerithi shamba bila hati. Samaki mkunje angali mbichi. Wachukue Jumapili moja, baada ya ibada au baada ya chakula cha mchana, mzunguke kihamba, na kila mmea utajwe kwa jina ambalo bibi yake aliuita. Ule usiojulikana, akaulize kwa mzee.

Niliporudi nyumbani, binti yangu alinipokea mlangoni na kuuliza zawadi yake. Nilimweleza ukweli wote, pamoja na ua nililolichuma na Meku aliyeniona. Alisikiliza, akanuna, akaingia ndani. Nilidhani nimemvunja moyo. Baada ya muda alirudi, akachuchumaa mbele yangu, na bila kusema neno akaanza kuchomoa kitu kwenye soksi yangu ya kushoto.

Kilikuwa kishona nguo kimoja, kilichonusurika macho ya Meku, kikapanda nami mlimani na kushuka nami salama. Namshukuru Mungu kwamba hakikudondoka njiani.

"Baba," aliniuliza, "na hiki nacho umeletewa zawadi?"

Jumapili ijayo, panapo majaaliwa, tutakutana tena. Hadi hapo, ndugu msomaji, kagua upindo wa suruali yako.